Jibu: Ramani za karatasi mpaka hifadhidata ya chuo

Mkuu, umeuliza uanzie wapi na zile ramani za 1:50,000 zilizojaa kwenye kabati la idara yenu. Kabla hujaskani hata moja, soma maandishi ya pembezoni: nyingi za Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali. Ukiziingiza QGIS (programu ya ramani) kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, mto unahama takriban mita 300 na kupita juu ya nyumba za watu. Yalinikuta, nikarudia karatasi 40 upya. Data iweke PostGIS (hifadhidata ya ramani), wanafunzi wote wasome sehemu moja. Kila ramani iandikie mwaka wake, maana mto Msimbazi wa Dar wa zamani siyo wa leo. Majengo ya Dar chukua OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Wanafunzi waliokuwa kwenye mradi wa kuchora Dar uitwao Ramani Huria waliyachora kwa wingi.