Kabla hujalipia kozi ya skoliosisi

Wafiziotherapia wadogo zangu wakisikia nashughulika na watoto wenye migongo iliyopinda, swali lao huwa moja: dada, nisomee njia ipi ya mazoezi, ya Schroth ya Wajerumani au SEAS ya Waitaliano? Wengine wameshaanza kudunduliza ada na nauli. Ninawaambia fedha hiyo waiache kwanza. Mtoto huyu anamhitaji mtu atakayemwona mapema, ampime sawasawa, ajue amebakiza kukua kiasi gani, kisha amfikishe kwa mtengeneza breisi, vazi gumu la plastiki la kuuzuia mgongo usizidi kupinda, kabla muda haujapita. Kazi hiyo unaweza kuianza mwezi huu, hapo hapo ulipo, na ukiizoea ndipo kozi yoyote utakayosoma itakufaa.

Skoliosisi ni zaidi ya mgongo kwenda kombo. Pingili zinapinda kando na papo hapo zinajizungusha, ndiyo maana mbavu za upande mmoja husukumwa nyuma zikafanya nundu. Kwenye eksirei tunapima pembe ya mpindo, iitwayo pembe ya Cobb, kipimo alichokieleza daktari John Cobb wa Marekani mwaka 1948, na kuanzia nyuzi 10 tunasema mtoto ana skoliosisi. Kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Wanazaliwa wazima, wanakimbia na kucheza kama wenzao, mpaka wanapoanza kurefuka kwa kasi. Mama akikuambia ni ndoo ya maji aliyokuwa akimtwisha mwanawe, au begi la shule, au kulala vibaya, mweleze siku hiyo hiyo kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichosababisha. Mzazi anayejilaumu hana nafasi kichwani ya kusikiliza habari za matibabu.

Sasa namna ya kupima. Mtoto avue viatu, mgongo uwe wazi mpaka juu ya makalio. Msichana avae kitu kinachofungwa mbele, na mama yake awepo chumbani. Miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vimekutana kama anayetaka kupiga mbizi. Ainame polepole. Wewe keti kwenye stuli nyuma yake, macho yako yawe usawa wa mgongo unaouangalia, maana ukisimama utauona mgongo wote ni bapa. Akianza kuinama tazama sehemu ya juu ya mbavu. Akiendelea, tazama katikati, halafu kiuno. Weka skoliomita, kifaa kidogo cha kupima mwinamo wa nundu, palipoinuka zaidi, ikae kwa uzito wake yenyewe bila kuikandamiza. Huna skoliomita? Programu ya simu inatosha, ila weka vidole gumba viwili chini ya simu, kimoja kila upande wa uti, ili ncha ya pingili isiinyanyue. Ikisoma nyuzi 7 au zaidi, mimi naomba eksirei. Ikisoma 5 au 6 kwa mtoto anayekua, namrudisha baada ya miezi michache nimpime tena. Kisha mwambie akae kwenye stuli na ainame tena. Kama nundu ya kiuno imepotea alipokaa, chunguza urefu wa miguu kabla hujaulaumu mgongo.

Fanya hivyo kwa kila mtoto anayeingia kwako, hata aliyeletwa kwa kifundo cha mguu. Mkono unajifunza kwa kurudiarudia, na hutaujua mgongo uliopinda kidogo kama hujaona iliyonyooka mingi.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka, nasi hatuwezi kulipita: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu wetu huita kila mgongo usio sawa kibiongo, kwa hiyo watoto wa aina mbili tofauti kabisa wanafika mlangoni kwa jina moja. Kifua kikuu kinakula pingili kwa mbele, zinaporomoka, na nundu inatokea katikati ya mgongo, imechongoka, mara nyingi pamoja na maumivu, homa za jioni, kukonda na jasho la usiku. Mtoto huyo mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, usimguse kwa mazoezi. Skoliosisi isiyo na chanzo kinachojulikana kwa kawaida haimwamshi mtoto usiku kwa maumivu. Angalia pia nguvu ya miguu, mwendo, haja ndogo inayomtoka bila kujijua, madoa ya rangi ya kahawa kwenye ngozi, na mpindo wa kifuani unaoelekea kushoto, kwa kuwa ulio wa kawaida huelekea kulia. Kwaruza tumbo taratibu kwa kitu butu, pande zote za kitovu. Misuli ikijikunja upande mmoja na mwingine ukakaa kimya, mtoto anahitaji kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu kwanza.

Swali ambalo ningependa kila mfiziotherapia ajifunze kuliuliza kwa heshima ni hili: ameshavunja ungo, na kama ndiyo, ni lini? Uliza bila haraka, mbele ya mama au shangazi, na useme kwa nini unauliza. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa kabla ya kuvunja ungo, halafu kasi inapungua. Kwenye eksirei alama ya Risser, inayosomwa kwenye ukingo wa juu wa nyonga kuanzia 0, kukua bado kwingi, hadi 5, amemaliza kukua, inaeleza habari hiyo hiyo kwa mfupa. Mwaka 1984 Lonstein na Carlson walichapisha matokeo ya watoto 727 waliofuatiliwa bila matibabu. Wenye mpindo wa nyuzi 20 hadi 29 na Risser 0 au 1, asilimia 68 mipindo yao iliongezeka. Wenye mpindo wa ukubwa huo huo lakini Risser 2 hadi 4, ni asilimia 23. Mpindo ni ule ule, tofauti ni kiasi cha kukua kilichobaki. Ndiyo maana huwa naumia nikimwona binti wa miaka 12 aliyeambiwa "rudi baada ya mwaka tuone." Kwa umri ule mwaka ni muda mrefu mno.

Breisi ndiyo tiba isiyo ya upasuaji yenye ushahidi mzito kuliko zote kwa mpindo wa nyuzi 25 hadi 40 kwa mtoto anayekua. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 uliwatazama watoto waliovaa breisi na waliofuatiliwa tu: waliomaliza kukua bila kufikia nyuzi 50, eneo ambalo upasuaji hufikiriwa, walikuwa asilimia 72 kwa wenye breisi na 48 kwa wengine. Ndani ya breisi waliweka kifaa kidogo cha kupima joto ili wajue saa halisi za kuvaa. Waliovaa kwa wastani wa karibu saa 13 au zaidi kwa siku, tisa kati ya kumi walifanikiwa. Takwimu hii naikariri mbele ya kila mtoto, kwa sababu inampa yeye mwenyewe usukani.

Ila saa 13 za Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili siyo saa 13 za Boston. Hapa ndipo ushauri wetu una thamani. Fulana ya pamba iliyobana, isiyo na mshono ubavuni, avae chini ya breisi na abadilishe kila ikilowa; awe na za kutosha ili moja ikifuliwa nyingine iwe mwilini. Asipake mafuta wala losheni chini ya plastiki, ngozi italainika na kuchubuka. Wekundu unaoondoka ndani ya nusu saa hivi hauna neno; usioondoka unamrudisha kwa fundi aikwangue breisi pale inapochoma. Aanze kwa saa chache na kuongeza kila siku mpaka ngozi izoee. Jioni na usiku kuna nafuu ya joto, kwa hiyo saa nyingi zikae huko, na saa za mchana zipangwe na mwalimu wa darasa. Binti Mwislamu atakuuliza habari ya kusujudu, maana ndani ya breisi ngumu kuinama kunasumbua. Panga naye aivue wakati wa swala na kuivaa tena, na dakika hizo uzihesabu tangu mwanzo, asije akajiona anavunja masharti kila siku akaishia kuiacha kabisa. Buibui au sketi yenye nafasi huificha vizuri. Usipoyasema hayo mapema, breisi itakaa chini ya kitanda na wewe utadhani imeshindwa kufanya kazi.

Na mazoezi je? Katharina Schroth alizaliwa Dresden mwaka 1894, akaja kuwa na mgongo huu huu, akavalishwa breisi ya chuma, akaanza kujitazama kwenye kioo na kujifunza kupumua kuelekea upande uliobonyea. Mwaka 1921 alianza kuwatibu wengine kule Meissen, na baadaye binti yake Christa akaiendeleza kazi huko Sobernheim. Mpaka leo, zoezi zuri la Schroth ukiliona kwa karibu ni la utulivu mkubwa. Mtoto mwenye mpindo wa kifuani wa kulia anakaa mbele ya kioo, anajirefusha kutoka nyongani, anasogeza kifua kutoka upande kilikoegemea, nami naweka ncha za vidole kwenye mbavu za kushoto kwa nyuma, pale palipozama. Namwambia: sukuma vidole vyangu kwa pumzi. Mara ya kwanza hakuna kinachotokea. Kisha unasikia mbavu zinafunguka kidogo chini ya vidole, na uso wa mtoto unabadilika kwa sababu amejisikia mwenyewe. Akitoa pumzi anakaza misuli ili asirudi alikotoka.

Kitu hicho hakifanani na "mazoezi ya mgongo" tunayowapa watu wazima. Watoto wengi wa skoliosisi wana mgongo wa juu ulio bapa, kwa hiyo kumlaza kifudifudi na kumwambia ainue kifua mara thelathini kunaweza kuuzidishia ubapa. Kuchua kunampa raha misuli iliyochoka, lakini hakujapunguza mpindo wa mtoto yeyote niliyemtibu. Fedha ya breisi usiwaruhusu wazazi waimalizie kwenye mikanda ya kunyoosha mabega inayouzwa mitandaoni.

Niseme wazi pia kuhusu ushahidi, kwa kuwa tunaoyapenda mazoezi haya tuna haraka ya kuyasifu. Italia, mwaka 2014, vijana 110 wenye mipindo midogo iliyo chini ya nyuzi 25 walifuatiliwa mpaka wakamaliza kukua, na mipindo ya waliofundishwa kujinyoosha wenyewe ilipungua kwa wastani wa nyuzi kama 5, huku ya waliofanya mazoezi ya kawaida ikiongezeka kidogo. Lakini Sweden, kwa vijana 135 wenye mipindo ya wastani, breisi ya usiku ilizuia mpindo kuongezeka kuliko mazoezi ya kawaida ya mwili, ilhali mazoezi maalumu ya skoliosisi hayakuyazidi hayo ya kawaida. Mimi nalisoma hivi: mpindo mdogo, mazoezi yapewe nafasi yake kamili, mpindo wa nyuzi 25 na kuendelea kwa anayekua, mazoezi ni mwenza wa breisi. Ukimnyima mtoto huyo breisi kwa sababu wewe una cheti cha mazoezi, umemdhulumu.

Kwa hiyo ukifika wakati wa kusoma, anza na mwongozo wa SOSORT, chama cha kimataifa cha tiba ya skoliosisi kilichoanzishwa Barcelona mwaka 2004. Toleo la 2016, lililochapishwa 2018, linasomwa bure mtandaoni. Halafu, ukichagua kozi, uliza kama utawashika wagonjwa halisi mbele ya mwalimu, kama kuna mtihani wa vitendo, na kama wanafundisha kusoma eksirei na kukagua breisi. Kozi ya picha za slaidi peke yake itakuachia maneno mengi na vidole vile vile.

Na usiende peke yako. Moshi tunayo TATCOT, chuo kinachofundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Tafuta mhitimu mmoja aliye karibu nawe, mkae pamoja na mgonjwa mmoja, mbishane wapi plastiki isukume na wapi pawe na nafasi ya mbavu kutanuka. Breisi ikishatengenezwa, ombeni eksirei akiwa ameivaa. Wengi hulenga mpindo upungue kwa karibu nusu humo ndani. Mfiziotherapia na fundi wa breisi wakizungumza kwa barua tu, anayeumia ni mtoto aliye katikati. Daktari wa upasuaji naye awe rafiki yenu. Mpindo ukipita nyuzi 45 au 50, mpeleke bila kinyongo.

Wazazi watakuuliza kama binti ataolewa, kama atazaa. Wajibu mbele yake, asikie: wengi wenye skoliosisi hii wanabeba mimba na kujifungua salama. Swali hilo likiachwa bila jibu linamla msichana kimya kimya kuliko plastiki yenyewe.

Katika ufuatiliaji, mrudishe kila miezi minne hadi sita akiwa katika kasi ya kukua. Skoliomita kila ziara, eksirei pale tu itakapobadilisha uamuzi, akiwa amesimama, mgongo wote hadi nyonga, mionzi ikiingilia mgongoni ili matiti yapate kidogo. Tofauti ya chini ya nyuzi 5 kati ya picha mbili inaweza kuwa ya mpimaji, usimtishe mtu nayo wala usiisherehekee. Picha zote akae nazo mama, ndani ya bahasha moja, zikiwa na tarehe na urefu wa mtoto wa siku hiyo umeandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha, kwa sababu hospitali atakayofika mwakani huenda isiwe ya mwaka huu.