Maswali ya Bwawa: Kabla Hujamwaga Soda, Maji Yako ni ya Wapi?

Kiangazi kimekaza na maswali yote ya safari hii yana neno moja: soda, yaani bekingi soda ya jikoni. Kuanzia Gungu, Kigoma, mpaka Cheyo, Tabora, kila mwenye bwawa la kuogelea nyumbani amesikia kwamba vipakiti vya dukani vinamaliza kazi yote. Haya, tuanze.

Shikamoo mtaalamu. Nipo Bangwe, Kigoma, bwawa nalijaza kwa pampu kutoka ziwani. Nimemwaga kilo tano za bekingi soda, na klorini juu yake, maji bado ya kijani. Niongeze soda?

Marahaba. Usiongeze hata kijiko. Soda haiui ukijani na haijawahi kuua. Kazi yake ni kuyapa maji ualkali, yaani ile nguvu ya kuishikilia pH, kipimo cha uasidi wa maji, isiyumbe. Maji ya Ziwa Tanganyika yamezaliwa na ualkali, tena wa kupindukia: unapita miligramu 300 kwa lita, wakati bwawa linataka 80 hadi 120. Wewe umepeleka chumvi Uvinza, kwenye machimbo ya chumvi.

Balaa lako ni pH. Ya ziwa letu inakaribia 9, na hapo klorini inalala. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini huwa katika ile hali inayoua vijidudu. Kwenye 9 inabaki kama asilimia 3. Umenunua kopo zima, kinachofanya kazi ni kijiko. Ishushe pH ifike kati ya 7.2 na 7.6 kwa asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae, isiyo na rangi wala manukato. Vaa glavu na miwani. Tia asidi kwenye ndoo yenye maji, kamwe usimimine maji juu ya asidi, kisha mwaga taratibu pampu ikizungusha. Kesho yake pH itakuwa imepanda tena, kwa sababu ya ualkali huohuo, nawe utarudia. Ni kazi ya siku nyingi, na asiye na kipimo asiianze.

Njia rahisi kuliko zote hakuna anayeniuliza: mvua. Maji ya mvua hayana ualkali wa kutajika. Funga mifereji kwenye bati, mvua za kwanza ziache zioshe vumbi na vinyesi vya ndege, zinazofuata zielekeze bwawani. Nusu ziwa, nusu mvua, ualkali unakatika nusu bila kununua kitu. Lakini sisi tunaezeka bati la mamilioni, halafu maji yanashuka yote kwenda kuchimba barabara ya jirani.

Nipo Isevya, Tabora, natumia maji ya bomba. pH yangu inapanda na kushuka kila nikitia kitu. Tatizo nini?

Wewe sasa ndiye mwenye haki ya soda. Maji ya Ziwa Victoria yanayowafikia kwa bomba ni laini na ualkali wake ni mdogo, kwa hiyo pH haina pa kushika. Pima kwanza. Gramu 17 za bekingi soda kwa kila lita 1,000 huongeza ualkali kwa miligramu 10 kwa lita. Bwawa la lita 40,000 lililosoma 50, ukitaka lifike 90, ni kilo 2.7. Tia nusu leo, pima, nusu kesho.

Kama na pH yenyewe iko chini, hata magadi ya kuivishia maharage hupandisha vyote viwili. Yayeyushe ndooni, yachuje kwa kitambaa, maana yana udongo. Ila siku bomba likikauka ukachota kisimani, usitumie hesabu hii. Pima upya. Na maji ya kisima yakiwa na chuma, ukitia klorini tu yanageuka rangi ya chai.

Bekingi pauda je, si ni ileile?

Si ileile. Pauda ina soda, asidi na wanga, na sisi hatuoki keki. Swali hili nimelijibu mara nyingi mpaka nimechoka, naomba liishie hapa.

Naweza kutumia jiki ya kufulia badala ya klorini ya bwawa? Ni bei rahisi zaidi.

Unaweza, ikiwa haina manukato, haina rangi na si ile nzito ya chooni. Kama ni rahisi, tuone. Chukua bwawa lilelile la lita 40,000. Kuongeza klorini miligramu 2 kwa lita unahitaji gramu 80 za klorini. Jiki ya asilimia 3.5 ina gramu 35 kwa lita, kwa hiyo ni lita 2.3. Klorini ya unga ya asilimia 65 ni gramu 123 tu. Piga hesabu na bei ya duka lako, kisha kumbuka kwamba jua la mchana huila klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache. Kesho lita mbili nyingine. Kinga hiyo ni asidi ya sayanuriki, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, na hakuna kitu cha jikoni kinachochukua nafasi yake.

Halafu hizo chupa zinazopangwa barazani juani mwezi mzima zimeshapungua nguvu. Omba ya ndani, kwenye kivuli.

Nikichanganya jiki na asidi ya vigae kwenye ndoo moja, si nitaokoa muda?

Hapana! Utatengeneza gesi ya klorini, inayochoma mapafu na kuua. Jiki na dawa yoyote yenye amonia, vilevile hapana. Klorini ya unga na vidonge vya klorini katika chombo kimoja huweza kuwaka moto au kulipuka. Kila dawa na kopo lake, kila moja na siku yake au angalau saa zake. Sisemi kwa kusikia. Niliwahi kuchotea klorini kikombe nilichotoka kupimia asidi, hakikuwa na hata matone matano, nikakaa kibarazani nakohoa mpaka magharibi.

Na tukiwa hapo: hizo dawa mnaziweka wapi? Chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa asidi ikaachwa jikoni ni jeneza la mtoto. Vivyo hivyo bwawa lisilo na uzio na geti la komeo.

Bwawa letu linanuka klorini sana. Tupunguze?

Ongeza. Klorini nzima hainuki hivyo. Hiyo ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Waambie wageni waoge kabla ya kuingia, hasa waliojipaka mafuta ya mise.

Mrututu unaua ukijani?

Unaua, maana ni chumvi ya shaba, pia unachora madoa kwenye plasta, na shaba yake ni sumu kwa samaki. Wewe unayemwaga maji ya bwawa kuelekea ziwani, usiuguse.

Mtaalamu, nitie nini bwawa liwe safi?

Lita ngapi? Maji ya wapi? pH ngapi?

Maji ya ziwani hayataniletea kichocho bwawani?

Vijidudu vyake visipompata mtu hufa ndani ya siku mbili hivi. Jaza, weka klorini, subiri saa 48, na pampu iwe na chujio la kuzuia konokono.

Nyuki wamevamia bwawa letu hapa Ipuli. Nipulizie dawa?

Tabora nzima inajivunia asali, halafu wewe unataka kuwapulizia dawa nyuki! Wana kiu tu, na wakishazoea mahali huenda wanakumbuka. Weka beseni pana lenye mawe na maji ya chumvi kidogo karibu na bwawa, kwenye njia yao. Wakishalizoea, lisogeze hatua chache kila siku mpaka nyuma ya ukuta. Lisikauke hata siku moja, la sivyo watarudi bwawani. Mwaka kesho litangulize Mei, kabla mito haijakauka.