Mazuti ya dola 19 kwa lita: niliyojifunza nikiandika kanuni za bajeti

Mwaka wangu wa kwanza kwenye bajeti ya kampuni moja ya usafirishaji hapa Lubumbashi, mkurugenzi wa fedha alifungua ripoti mbele ya wakuu wote, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mama, hii mazuti ya dola 19 lita moja, tunaitoaka wapi?" Watu wa kamioni walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Bei ya lita ya mazuti, yaani dizeli, niliiweka kama mstari mwingine wowote, mfumo ukafanya kazi yake: ukajumlisha bei za miezi 12. Tunatumia TM1, mfumo wa kompyuta wa bajeti ulioanza miaka ya 1980 na ambao leo uko mikononi mwa IBM, lakini tatizo hili utalikuta kwenye mifumo ya namna hii karibu yote. Kyubu, yaani jedwali lenye pande nyingi kama kamioni, miezi na akaunti, haijui kwamba lita hujumlishwa na bei haijumlishwi. Ni wewe wa kuiambia.

Chukua kamioni moja, miezi miwili. Januari lita 1,000 kwa dola 1.50, Februari lita 3,000 kwa dola 1.70. Gharama ni 1,500 na 5,100, jumla 6,600. Ukijumlisha bei unapata 3.20, upuuzi mtupu. Ukipiga wastani wa kawaida unapata 1.60, na huo ndio wa kuogopa zaidi, maana unafanana na ukweli na hakuna atakayekuuliza. Bei sahihi ni 6,600 gawanya kwa 4,000, yaani 1.65. Kwa hiyo kanuni ni mbili:

['Gharama'] = N: ['Lita'] * ['Bei'];
['Bei'] = C: ['Gharama'] \ ['Lita'];

N ni seli za chini kabisa, C ni za jumla. Mkwaju huo (\) uliolalia upande wa pili nimeuandika makusudi: lita zikiwa sifuri unarudisha 0, hivyo kamioni iliyolala gereji mwezi mzima haikuletei alama ya hitilafu katikati ya ripoti.

Sasa tuje kwa walishaji, yaani mistari inayouambia mfumo ni seli zipi zitarajiwe kuwa na jibu la kanuni; hapo ndipo nilipopoteza usiku mwingi. Hesabu kyubu yenye kamioni 200, miezi 12, akaunti 60, njia 10, wateja 30 na matoleo 4. Zidisha: seli milioni 172.8, kabla hujagusa jumla hata moja. Karibu zote ni tupu, kwa sababu kamioni inayobeba mzigo wa mteja mmoja kwenda Kolwezi haina lita kwenye njia ya Kasumbalesa kwa mteja mwingine. Mfumo una akili ya kuruka seli tupu unapojumlisha. Ukishaandika kanuni, unaacha kuruka, kwani seli yoyote yaweza kuwa na jibu. Unakwenda kula bukari na sombe, unarudi, ripoti bado inazunguka.

Basi unaandika SKIPCHECK; juu kabisa ya kanuni. Kuruka kunarudi, na balaa jipya linaanza: mfumo unaruka hata seli zenye majibu ya kanuni. Seli inaonyesha 1,500, jumla yake inaonyesha 0. Dawa iko chini ya kanuni zote, baada ya neno FEEDERS;

['Lita'] => ['Gharama'];

Maana yake: penye lita, tarajia gharama. Kwa nini si Bei? Kwa sababu bei tumeijaza kila mahali. Ukilisha kutoka Bei umewasha taa za nyumba nzima wakati mtu yuko chumba kimoja, na umeme wetu tunaujua. Kati ya vitu viwili unavyozidisha, mlishaji ni kile kinachokosekana mara nyingi zaidi. Na kama Lita nazo zinakokotolewa kutoka Kilomita, basi Kilomita ilishe Lita, Lita ilishe Gharama. Hilo nimelisahau mara mbili, si mara moja.

Mpangilio nao: mfumo unasoma kutoka juu, unachukua kanuni ya kwanza inayoihusu seli, hautazami nyingine. Ya pekee itangulie ya wote. Gharama halisi kwetu zinatoka uhasibu, hazikokotolewi, kwa hiyo ['Halisi', 'Gharama'] = STET; (maana yake: seli hii iache ilivyo, usiikokotoe) inakaa juu ya ile ya Gharama. Nilipoisahau, takwimu za uhasibu zilikataa kuingia, nikamlaumu kijana wa kompyuta siku nzima. Nilimnunulia soda baadaye.

Kiwango cha kubadilisha faranga kiwe na kyubu yake ndogo. Usikiandike kama namba ndani ya kanuni. Kitabadilika na utasahau ulikificha wapi.

Siku hizi naanza kwenye daftari: kamioni moja, miezi miwili, hesabu ya mkono, ndipo nifungue kompyuta. Kikao kilichofuata mkurugenzi alishusha kidole hadi mstari wa mazuti, akatoa simu, akagawa mwenyewe. Hakusema kitu. Akapita kwenye tairi.