Ukianza kusoma tenzi za kusimulia, tanguliza sikio

Mwanafunzi mgeni wa fasihi akipewa utenzi hukimbilia kalamu: ahesabu mizani, yaani silabi, apigie mstari vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, kazi imekwisha. Atajua kwamba kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, vina vya vipande vitatu vinafanana, na kina cha nne ndicho bahari inayotiririka hadi mwisho. Lakini muulize kwa nini watu walikaa usiku kucha wakisomewa kitu hicho, atakutazama tu.

Mimi wageni huwaanzishia Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Una beti zaidi ya 200, lakini usianzie ubeti wa kwanza. Nenda moja kwa moja gerezani.

Liyongo, shujaa wa utenzi, amefungwa kwa amri ya mfalme wa Pate anayemwogopa. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Walinzi wanakula kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anatunga wimbo, Saada aufikishe kwa mama: aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, ndani afiche tupa, kile chuma cha kukerezea. Walinzi wanasikia wimbo, hawaambulii kitu, na mkate wa wishwa nani augombee? Kisha anaomba haja yake ya mwisho, ngoma ya gungu. Matoazi na pembe zinapopamba moto, yeye anakereza pingu.

Sasa soma kwa sauti, na ujiulize mlio wa tupa umekwenda wapi. Umemezwa na ngoma. Hapo hadithi imeshikana na sauti kiasi kwamba ukiiondoa ngoma, Liyongo hatoki. Hisia nayo imepanda humo humo: wachezaji wako katika furaha, sisi tuko katika taharuki, kwa sababu tunajua wasichokijua. Ukiandika kwenye mtihani kwamba "hisia ni ya furaha" utakuwa umesoma nusu.

Nimetunga ubeti mmoja wa mazoezi, si wa Kijumwa, ili uone fundi anavyoweza kuifanya kazi hiyo kwa herufi tu:

Ngoma kule zikavuma
Watu mbele hata nyuma
Nayo tupa kula chuma
Kwaru kwaru bila haya

Vuma, nyuma, chuma: midomo inafungwa kwenye *m* mara tatu, ukasikia mdundo mzito. Halafu *kwaru kwaru* inakwaruza kooni. Hiyo ni tanakali ya sauti, neno linaloiga mlio, sawa, lakini kuitaja jina hakukupi alama nyingi. Sema inafanya nini: inatoboa mdundo, na msomaji anaogopa walinzi wasije wakasikia.

Angalia pia kiambishi *-ka-* cha vitenzi. Akaenda, akachukua, akakata: mtunzi anapozirundika, mambo yanakimbia. Zikikoma, na mtu akaanza kusema au kuelezwa alivyo, mwendo umepungua, na mara nyingi hapo ndipo hisia inapobadilika. Linganisha gereza na kisa cha kisimani: Liyongo, aliyechomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, amepiga goti na upinde mkononi. Amekwisha kufa, ila mji mzima unaogopa kuchota maji. Pale hakuna ngoma wala mbio, na woga unatokana na mtu asiyetikisika.

Tahadhari moja ya lahaja. Utenzi huu ni wa Kiamu, lahaja ya Lamu, na utakutana na *kuya* mahali pa kuja. Usiusanifishe kichwani unaposoma. Bahari yake ni *-ya*; ukitia *kuja* mwishoni mwa kipande cha nne kina kimevunjika, na utaanza kumlaumu mtunzi bure. Kama maana inakukwamisha, iandike pembeni kwa penseli, lakini mdomoni acha Kiamu kibaki Kiamu. Ukishazoea, rudi ubeti wa kwanza uusome wote.