Azimio limesainiwa, mbona mabomba bado yanapasuka?

SWALI: Mashirika yetu 9 yameungana kupambana na rushwa kwenye miradi ya maji. Mamlaka ya maji ilisaini azimio letu la uadilifu mbele ya wanahabari. Mwaka umepita, mabomba mapya yanapasuka hovyo. Mshauri wetu anataka tufikishe wanachama 50, tuzindue upya. Tumfuate?

JIBU: Msimfuate. Anawauzia mabango na posho za semina. Mashirika 50 yasiyowahi kuona jedwali la vipimo na bei za mradi hayana nguvu kuliko 9 yasiyoliona.

Mnakopaswa kuwa ni stoo. Bomba la plastiki ngumu, HDPE (PE100), la kipenyo cha milimita 110, daraja la presha PN16, lina unene wa ukuta wa milimita 10. La PN10, la presha ndogo zaidi, ni 6.6. Mkandarasi ananunua jembamba, analipwa bei ya nene, na chenji anagawana na aliyesaini kupokea mzigo. Mtaro ukishafukiwa, kesi imezikwa. Kwa hiyo mtu wenu awepo mabomba yanaposhushwa: asome maandishi ya ubavuni, apime ukuta kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), apige picha, alinganishe na jedwali. Kisima nacho hulipwa kwa mita. Teremsheni kamba yenye uzito mpime kina kabla pampu haijafungwa.

Tena, si kila mpasuko ni wizi. Mtaro wenye mawe, maungio yaliyochomelewa vibaya au presha iliyozidi huleta yaleyale. Bila mhandisi ndani ya muungano mtamtuhumu asiyehusika, mshtakiwe kwa kuchafua jina, na wenzenu watawakimbia.

Mnahitaji pia mkaguzi wa hesabu, kamati ya watumiaji maji na, hapa wanaharakati hununa, wakandarasi wenyewe. Anayekosa zabuni kwa sababu hakuhonga ana uchungu kuliko ninyi, na anajua bei halisi. Mwaka 2005 watengenezaji wa mabomba wa Colombia, wanaoshindania soko lilelile, walisaini makubaliano ya kutohonga.

Kinachonichosha ni imani kwamba saini yenyewe ni kinga. Mkataba wa uadilifu husainiwa na mamlaka pamoja na kila mzabuni kabla bahasha hazijafunguliwa, na hutaja adhabu: kupoteza dhamana ya zabuni, kuvunjiwa mkataba, kufungiwa kwa miaka inayojulikana. Mwangalizi huru huufuata mradi hadi hati ya mwisho ya malipo, kwa maana ulaji mwingi huanza zabuni ikishatolewa, kwenye "kazi za nyongeza". Azimio lisilo na hayo linaikinga mamlaka: mfadhili akiuliza, anaonyeshwa picha yenu mkipeana mikono.

Siku hizi mikataba hii inauzwa ikiwa tayari, imebaki kujaza majina tu. Mkiletewa, anzeni na kifungu cha mwangalizi. Kikisema ataona nyaraka "inapobidi", au kwamba analipwa na mkandarasi, mrudishieni mwenyewe karatasi zake.