Kufunga kizazi: amua kabla uchungu haujaanza

Miaka 6 iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 34 na watoto watano, nilifunga kizazi kwa hiari yangu. Tangu hapo wanawake wengi wa hapa Tandahimba, na wengine kutoka Newala na Nachingwea waliko ndugu zangu, wamekuja kuniuliza habari zake, mara nyingi jioni, kwa kisingizio cha kuazima kinu au kuulizia mnada wa korosho, na swali lenyewe hulitoa mwishoni kabisa, tena kwa sauti ya chini. Nimeona niandike kwa utaratibu yale ninayowaambia, kwa sababu jambo hili hufanywa mara moja tu katika maisha, na anayelifanya bila kulielewa anaweza kuishi na majuto kwa miaka mingi.

Nianze na jina lenyewe, kwani naamini sehemu kubwa ya majuto hayo huanzia hapo. Katika lugha yetu kinachofungwa hufunguliwa. Tunafunga mlango asubuhi tukienda shamba na kuufungua tukirudi, tunafunga saumu na kufungua magharibi, shule hufungwa Desemba na kufunguliwa Januari. Marehemu bibi yangu alinisimulia kwamba wanawake wa rika lake walivaa kiunoni kigwe chenye mafundo ili wasishike mimba mapema, na mwanamke alipotaka mtoto mwingine, fundo lilifunguliwa. Binti aliyekulia katika maneno hayo, akiambiwa na muuguzi kwamba atafungwa kizazi, anaelewa moja kwa moja kwamba siku akihitaji atarudi kufunguliwa.

Kinachofanyika hospitalini ni kitu kingine. Kwanza, kizazi chenyewe, yaani mfuko wa uzazi, hakiguswi kwa kisu. Kinachoshughulikiwa ni mirija miwili, kulia na kushoto, ambayo kila mmoja una urefu wa takriban sentimeta 10, na ndimo yai hupita na kukutana na mbegu ya mwanamume. Katika upasuaji unaofanyika zaidi kwetu, daktari huuvuta mrija kidogo ukawa kama kitanzi, hufunga shina la kitanzi hicho kwa uzi, kisha hukata kipande cha juu na kukiondoa. Uzi huyeyuka baada ya muda, ncha mbili zikapona kila moja upande wake, zikiwa zimeachana. Yai huendelea kutoka kila mwezi, lakini halina pa kupita, na mwili hulinyonya. Kwa hiyo neno la kweli ni kukata, na ningefurahi kama watoa huduma wetu wangelitumia bila kuogopa kwamba litawatisha akina mama. Njia za kuunganisha mirija upya zipo duniani, lakini ni upasuaji mkubwa, ghali, unaofanywa na mabingwa wachache, tena bila uhakika wa mimba. Kwa mwanamke wa kijiji cha kusini, hesabu yake iwe kwamba hakuna kufunguliwa.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ya jirani yangu mmoja. Alikatwa mirija akiwa na miaka 26, baada ya mtoto wake wa tatu. Miaka minne baadaye mtoto wa pili alifariki kwa homa, ndoa ikavunjika, akaolewa na mwanamume mwingine ambaye hakuwa na mtoto. Siku alipokuja kwangu alikaa kwenye mkeka, akauliza, “Dada, wewe ulifunga kwa nani? Nataka wa kunifungulia.” Nilinyamaza. Kulikuwa na uzi wa kushonea vikapu vya kubebea korosho pale mkekani. Niliuchukua, nikaukata kipande cha katikati, nikamwekea ncha mbili mkononi na kumweleza. Alizitazama muda mrefu. Baadaye akasema, “Hawakuniambia hivi.” Mpaka leo ninapozungumza na mtu juu ya jambo hili ninatumia uzi, na ninamwachia ncha azishike mwenyewe.

Umri wake haukuwa jambo dogo. Utafiti mkubwa uliofuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka 14 baada ya upasuaji huu ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 waliofanyiwa wakiwa na miaka 30 au chini yake, takriban 20 walikuja kujuta; waliofanyiwa baada ya umri huo walikuwa takriban 6. Hao ni watu wa nchi ambayo watoto wachache hufariki kuliko kwetu. Kwa hiyo binti wa miaka 24 akinijia na watoto watatu na uchovu wote alionao, simkatalii, maana mwili ni wake, lakini namwomba kwanza ajue njia za muda mrefu za kuzuia mimba zinazoweza kuondolewa: vijiti vya mkononi, ambavyo hukaa miaka mitatu au mitano kwa kutegemea aina, na kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, ambacho hukaa miaka 10 au zaidi na kinazuia mimba karibu sawa na kukata mirija. Ukiwa na miaka 24 na kitanzi cha shaba, utakifikiria upya jambo hili ukiwa na miaka 34. Huduma hizi za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Maswali ninayomtaka mtu ajiulize ni magumu, na baadhi ya watu huona ninawaapiza. Je, akifariki mtoto mmoja, Mungu apishe mbali, bado ningetaka kubaki hivi? Mume wangu akifa au tukiachana, nikaolewa na mtu mwingine anayetaka mtoto, bado? Maisha yakiwa mazuri, korosho zikauzwa vizuri misimu miwili mfululizo, nyumba ikaezekwa bati, sitatamani kuzaa tena? Mimi nilijibu yote matatu na jibu langu lilikuwa lile lile, kwa sababu mimba yangu ya tano ilikuja na presha iliyonilaza hospitalini wiki mbili, na wauguzi walikuwa wakinipima kila baada ya saa chache wakihofia kifafa cha mimba. Nilijua kwamba mimba ya sita ingeweza kuwaachia watoto wangu watano kaburi la mama.

Hata hivyo, katika chumba cha kujifungulia cha hospitali moja ambayo sitaitaja, nilikataa kusaini. Nilikuwa katikati ya uchungu, nimeshika chuma cha kitanda, na mhudumu akanijia na karatasi na kalamu, akasema, “Mama, watoto watano wanatosha, weka sahihi hapa tumalize kabisa.” Alikuwa na haraka, na huenda aliniwazia mema. Lakini sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Nilisukuma karatasi ile, na nilifanya hivyo ingawa jambo lenyewe nilikuwa nalitaka, kwa kuwa nilihisi kwamba nikilikubali katika hali ile sitajua kamwe kama nililiamua mimi au maumivu. Hakufurahi, akaniambia nitarudi mwakani na mimba nyingine.

Baadaye nilikuja kujua kwamba nilikuwa na haki. Nchini Namibia wanawake watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda mahakamani kwa sababu walikatwa mirija katika hospitali za umma baada ya kutia saini karatasi ambazo hawakuelezwa ipasavyo, baadhi yao wakiwa tayari katika uchungu, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilishikilia kwamba idhini ya namna hiyo si idhini. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitoa tamko la kupinga wanawake kukatwa mirija kwa kulazimishwa au kwa kushawishiwa vibaya. Kwa hiyo ukitaka kufanyiwa mara tu baada ya kujifungua, au wakati huohuo wa kujifungua kwa upasuaji, inawezekana kabisa, lakini zungumza kliniki ukiwa na mimba ya miezi sita au saba, uulize yote, uandikwe kwenye kadi, na ujue kwamba unaweza kubadili nia hata ukiwa umelala mezani. Kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, upasuaji hufanywa ndani ya siku 7 za mwanzo, vinginevyo husubiriwa wiki 6 zipite.

Kuhusu ndugu na dini nitasema machache. Sisi wa huku watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno lake. Mimi nilimweleza mama yangu na mjomba baada ya kuamua, kwa heshima, bila kuwaomba ruhusa. Mume wangu nilizungumza naye usiku mwingi, na nilimwuliza pia kama yeye angekubali kukatwa mirija yake, kwa sababu upasuaji wa mwanamume ni mwepesi zaidi, hauingii tumboni wala haupunguzi nguvu zake, ila humbidi atumie kinga nyingine kwa miezi mitatu ya mwanzo. Hakuwa tayari, nami sikumlazimisha. Ama dini, Kanisa Katoliki linakataza waziwazi, na masheikh wengi hawairuhusu njia ya kudumu isipokuwa kwa sababu ya kiafya. Anayejali imani yake aende akamwulize kiongozi wake mapema, maana hofu ya dhambi inayokuja baada ya mshono kupona haina dawa hospitalini.

Nilisubiri miezi mitatu hadi presha yangu ikatulia. Nilichagua mwezi wa Julai, wakati palizi imekwisha na korosho hazijaanza kudondoka, na hilo ni jambo ninalolisisitiza kwa kila mkulima, kwa sababu wiki nzima baada ya upasuaji hutakiwi kubeba mzigo. Timu ya huduma ya mkoba, yaani wahudumu wanaozunguka vituoni, ilikuwa imekuja kwenye kituo chetu cha afya. Niliambiwa nisile chochote tangu usiku. Walinipima presha na wingi wa damu, wakahakikisha kwamba sina mimba, kisha daktari, mama wa makamo, akanikalisha peke yangu na kuniuliza swali moja kwa namna tatu tofauti: nani amekuambia uje? Nilipomjibu mara ya tatu kwamba nimejileta, akatabasamu na kunipa kalamu.

Sikulazwa usingizi mzito kama watu wanavyodhani. Nilikojoa kwanza ili kibofu kiwe kitupu, nikachomwa dawa ya kutuliza, halafu sindano ya ganzi juu kidogo ya kinena, na hiyo ndiyo iliyouma kuliko yote. Baada ya hapo nilikuwa macho. Nilisikia ubaridi wa dawa ya kusafishia, vyuma vikigongana kwenye sinia, na daktari akiniambia kila hatua kabla hajaifanya. Alipousogeza mrija nilihisi kuvutwa ndani kwa ndani, kama mtu anayevuta uzi ulioshonewa kitovuni, pamoja na kichefuchefu kifupi, nikashika mkono wa muuguzi kwa nguvu. Upande wa pili ulikuwa hivyohivyo. Haikufika nusu saa. Kovu langu leo halizidi sentimeta 4. Nilipumzika kwa saa chache, nikarudi nyumbani siku hiyohiyo kwa gari la shemeji yangu, si kwa bodaboda, maana barabara yetu ni ya mashimo.

Kwa siku saba dada yangu alinitekea maji. Hapa kwenye uwanda wa Makonde maji ni kazi ya kweli, na mwanamke asiye na wa kumbebea ndoo asipange upasuaji mpaka ampate. Tendo la ndoa pia husubiri angalau wiki moja, mpaka maumivu yaishe. Mshono uliwekwa mkavu, na siku ya saba nyuzi zilitolewa.

Hedhi huendelea. Ninalitaja hili peke yake kwa sababu lina malalamiko mengi. Mwanamke aliyekuwa akichoma sindano ya miezi mitatu mara nyingi hukaa bila hedhi kwa muda mrefu. Akikata mirija huacha sindano, hedhi yake ya asili ikarudi na maumivu yake ya zamani, naye huamini kwamba upasuaji ndio uliomharibu. Mirija haitengenezi homoni. Ovari, zile zinazotoa mayai, ndizo zinazofanya kazi hiyo, na ovari haziguswi, ndiyo maana hamu ya ndoa pia hubaki ilivyokuwa. Lililo kweli ni kwamba upasuaji huu haukingi magonjwa ya zinaa wala virusi vya UKIMWI, hivyo kondomu bado ina kazi yake.

La mwisho ni lile ambalo wengi hawaelezwi. Mara chache kukata mirija hushindwa kuzuia mimba: utafiti uleule wa Marekani ulikuta mimba takriban 18 kwa kila wanawake 1,000 ndani ya miaka 10. Mimba hizo chache zina hatari kubwa kuliko za kawaida ya kutunga nje ya mfuko wa uzazi, ndani ya mrija wenyewe, na mrija ukipasuka mwanamke hutokwa damu tumboni bila mtu kuiona. Kwa hiyo, ukiwa umekata mirija na hedhi ikachelewa, usiseme haiwezekani, kapime. Ukipata maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, kizunguzungu au kuzimia, waamshe watu, utafutiwe gari hata kama ni usiku wa manane, na ukifika hospitalini sema mapema, kabla ya kuulizwa, kwamba umekatwa mirija na mwaka uliokatwa.