Visima elfu tatu, na viwanja vilivyohamia magharibi

Swali: Natengeneza ramani ya mtandaoni ya visima 3,000 vya Bahi, Manyoni na Chemba. Mtu akigusa kisima aone kina cha maji na kama pampu inafanya kazi. Mwenzangu anasema nisipotumia React (maktaba ya msimbo ya kujengea kurasa) na MapLibre (maktaba ya ramani) kazi itaonekana ya kizamani. Mimi najua JavaScript ya kawaida tu, na watumiaji wengi wana simu janja za bei ya chini. Nichague nini?
*Msomaji, Bahi*

Jibu: Chukua Leaflet, maktaba nyepesi ya ramani ya JavaScript, na React iache kwanza. Nukta 3,000 ni mzigo mdogo. Leaflet ikishabanwa ina kilobaiti 42 hivi, wakati MapLibre inapita 200, na zote hizo mtumiaji anazilipia kwa bando kabla hajaona kisima hata kimoja. Tena MapLibre huchora kwa WebGL, yaani hutegemea chipu ya michoro ya simu. Kwenye simu dhaifu ramani huganda, na pengine haifunguki kabisa.

Kosa utakalolikuta mapema ni la alama. Ukitumia `L.marker`, kila kisima kinakuwa kipicha chake ndani ya ukurasa, na vikifika elfu moja na kitu, kusogeza ramani kunakuwa kwa kukwamakwama. Tumia `L.circleMarker`, na unapounda ramani weka `preferCanvas: true`. Hapo nukta zote huchorwa kwenye turubai moja (canvas), kama picha moja. Rangi itoke kwenye hali ya pampu: kijani inafanya kazi, nyekundu imeharibika, kijivu haijakaguliwa. Nukta iwe na nusu kipenyo cha pikseli 7 au 8. Ikiwa ndogo kuliko hapo, kidole kitaikosa.

Data iweke kwenye faili moja la GeoJSON, muundo wa maandishi wa data za ramani, na ukate desimali zibaki tano, ambazo ni usahihi wa mita moja hivi. Kisima hakihitaji zaidi ya hapo, na mafaili mengi tunayoyaona yana desimali kumi na tano zisizo na kazi yoyote. Kumbuka pia mpangilio: GeoJSON huanza na longitudo, Leaflet huanza na latitudo. Dodoma mjini ni 35.74 mashariki na 6.17 kusini. Ukizigeuza, mji wote unahamia baharini, magharibi ya Tangier kule Moroko. Ukiona nukta zako zimerundikana huko, usihangaike na kitu kingine, geuza namba.

MapLibre itafaa siku utakapoongeza mipaka ya viwanja laki moja au majengo ya wilaya nzima. Data ya namna hiyo hukatwakatwa kuwa vigae vya vekta, yaani vipande vya ramani vyenye mistari na nukta badala ya picha, kwa programu ya tippecanoe, ikahifadhiwa kama faili moja la PMTiles kwenye seva ya kawaida, na kivinjari huchota vipande vinavyohitajika tu. Vigae vya msingi (ramani ya chini ya nukta zako) vya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, unaweza kuvitumia kwa ramani yenye watumiaji wachache, lakini taja chanzo chake kwenye kona ya ramani, na usivipakue kwa wingi ili vitumike bila mtandao. Seva zile zinaendeshwa kwa michango na sheria zake zinakataza.

Swali: Viwanja tulivyopewa na mpima vina koordineti za mita. Nilipovibadilisha, vya Dodoma mjini vilikaa mita mia kadhaa kaskazini ya mahali pake, na vya Kongwa vikaenda karibu na Ziwa Tanganyika. Je, nihamie OpenLayers, maktaba nyingine ya ramani?
*Msomaji, Kongwa*

Jibu: Kuhamia hakutatibu, kwa sababu yamekukuta makosa mawili na yote yako kwenye namba. Longitudo 36 mashariki inapita katikati ya mkoa wenu: Dodoma mjini ipo kanda 36 ya UTM, mfumo wa koordineti za mita unaoigawa dunia kwa kanda za digrii sita, Kongwa na Mpwapwa zipo kanda 37. Ukisoma namba za Kongwa kama za kanda 36, zinaruka kilomita 660 hivi kwenda magharibi. Angalia namba ya mashariki. Mkoani Dodoma, ikiwa laki saba au nane na kitu ni kanda 36. Ikiwa laki mbili hivi ni kanda 37.

Kosa la pili ni datamu, yaani umbo na kitovu cha dunia ambavyo vipimo vimejengwa juu yake. Ramani nyingi za upimaji nchini ziko kwenye Arc 1960, nawe umezisoma kama WGS 84, datamu ya GPS, ndiyo maana zimesogea karibu mita 300 kaskazini. Msimbo wa kutambulisha mfumo wa koordineti wa Arc 1960 kwa kanda 36 ni EPSG:21036, wa kanda 37 ni EPSG:21037. Badilisha mara moja tu kwenye programu ya ramani ya QGIS, kila kanda na faili lake, kisha hifadhi kama EPSG:4326 (latitudo na longitudo za WGS 84) ndipo uunganishe. Kama ni lazima ubadilishe ndani ya kivinjari, OpenLayers na proj4, maktaba ya kubadilisha koordineti, zinaweza, ila hakikisha maelezo ya mfumo wa koordineti unayoyanakili yana `+towgs84=-160,-6,-302`. Bila kipande hicho hutaona onyo lolote, na zile mita 300 zitabaki palepale. Hata kikiwepo, hayo ni marekebisho ya wastani kwa eneo kubwa: yanafaa kuonyesha kiwanja kwenye skrini, hayafai kutafutia bikoni, yaani jiwe la mpaka.

Swali: Ramani yangu ya Leaflet iko ndani ya kichupo cha pili cha ukurasa wa Vue 3, mfumo wa JavaScript wa kujengea kurasa. Nikikifungua, vigae vinajaa kona moja tu, kwingine kijivu. Nikivuta karibu, inatoa hitilafu.
*Msomaji, Singida*

Jibu: Ramani ilipoundwa kichupo kilikuwa kimefichwa, kwa hiyo haikujua ukubwa wake. Ita `map.invalidateSize()` kichupo kikishafunguka. Hitilafu ya kuvuta inatokana na kuiweka ramani ndani ya `ref`, ambayo Vue huitumia kufuatilia mabadiliko: Vue inaifunika kwa kiwakilishi chake (proxy) na Leaflet haiyatambui tena matabaka yake yenyewe. Weka `shallowRef`, isiyofunika vilivyo ndani, au iache kama kigeu cha kawaida.